Ramadhani anaweza, baada ya Idi anashindwa. Kwa nini? (Sehemu ya 4)

 Nesi wenu wa Tumbe nipo tena.

Wiki iliyopita tulizungumza namna moshi wa sigara unavyoingia kwenye kifua cha mtoto mchanga. Nikapata ujumbe mwingi, na karibu wote unasema jambo moja: "Nesi tumekufahamu, lakini baba watoto haachi. Nimesema mpaka nimechoka."

Leo nakujibu, na jibu langu huenda lisikupendeze. Acha kusema. Si kwamba unakosea, ila hiyo kazi si yako, na wala si yangu. Kuna mtu mwingine anayeiweza zaidi yetu.

Kwanza nikuhadithie kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa nyuma aliletwa kituoni mtoto wa miezi saba, kifua kinalia filimbi. Mara ya tatu hiyo ndani ya muda mfupi. Baba yake alikuja moja kwa moja kutoka diko, shati linanuka samaki na sigara. Mie nikapandisha. Nikamsema mbele ya foleni nzima ya akina mama: "Wewe ndiye unayemuumiza mwanao!" Akainamisha kichwa, hakujibu neno. Nilijiona nimefanya kazi yangu.

Siku ya kurudi hawakuja. Wiki zikapita. Waliporudi ilikuwa usiku, mtoto mbavu zinaingia ndani, midomo imebadilika rangi. Tukampa huduma ya kwanza na kumkimbiza hospitali kubwa. Alhamdulillah alipona. Lakini mama yake aliniambia kitu ambacho sijakisahau: "Mume wangu alikataa tuje mapema. Alisema nesi atamdhalilisha tena."

Unaona? Nilitaka kumtoa baba kwenye sigara, nikamtoa mtoto kwenye matibabu. Na sigara hakuacha.

Tangu siku hiyo nikaanza kujiuliza: hawa wanaume wanashindwa na nini hasa? Mbona ubaya wa sigara wanaujua? Hakuna mvuvi hapa Tumbe asiyejua. Basi jawabu nililipata Ramadhani.

Hebu mtazame mumeo mwezi wa Ramadhani. Kuanzia alfajiri mpaka magharibi ni zaidi ya saa 13, na havuti hata pafu moja. Anakwenda baharini, anavuta nyavu, anashusha samaki, anapiga soga pale sokoni, yote bila sigara. Kuna wanaoumwa kichwa na wanaokuwa wakali siku za mwanzo, kweli, lakini wanastahamili. Mtu yule yule mwezi wa Shawwal anakwambia, "Mie bila sigara nusu saa siwezi."

Mwili haukubadilika. Nikotini, ile dawa iliyomo kwenye tumbaku inayomfanya mtu aizoee, inapungua nusu kwenye damu kila baada ya saa mbili hivi. Ikifika alasiri, iliyobaki mwilini mwa mfungaji ni kidogo sana. Kwa hivyo mwili wake kila siku ya Ramadhani unaikaribia njia ya kuacha. Tatizo ni kwamba adhana ya magharibi ikishalia, tende moja, maji, halafu kiberiti.

Na hapa pana kitu wengi hawakijui. Arosto ya sigara, yaani ule ukali, kukosa usingizi, na mawazo kutotulia, huwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua, na baada ya wiki mbili mpaka nne kwa wengi huwa imekwisha. Anayefunga mchana na kuvuta usiku anauanza mwanzo ule mgumu mara 30. Ile siku ya nne ya nafuu haifikii kamwe. Maskini ya Mungu, anateseka zaidi kuliko aliyeacha kabisa!

Sasa, kwa nini mchana anaweza? Kwa sababu hayuko peke yake. Nahodha havuti, mabaharia hawavuti, baraza zima halivuti. Hakuna anayemnyooshea kipisi akimwambia "shika ndugu yangu". Hakuna anayemcheka. Na ana sababu kubwa kuliko hamu yake. Anachokikosa baada ya Idi ni wenziwe. Nguvu anazo, tumeziona mwezi mzima.

Ndiyo maana nasema kizuizi kikubwa kimo kichwani, na cha kichwani hakitolewi kwa ukali wa mke wala wa nesi. Ngoja nikupe yale ninayoyasikia kila siku.

"Sigara inanituliza mawazo." Anaamini kweli, na anaihisi kweli. Lakini kinachotulia ni arosto ya sigara iliyopita. Ni kama mtu anayevaa kiatu kinachobana ili apate raha ya kukivua. Deni la nyumba, bei ya mafuta ya boti, mtoto anayeumwa, vyote viko pale pale sigara inapozimika.

"Baharini usiku huwezi bila sigara." Huyu anazungumzia baridi, usingizi na upweke. Hasa wakienda dago, wiki nyingi mbali na nyumbani. Sigara kule ndiyo saa yao na ndiyo mazungumzo yao. Ukimwambia aache bila kumpa kitu mahali pake, umemwambia akae kiza peke yake.

"Wanaume wote wanavuta." Si kweli. Utafiti wa taifa wa mwaka 2018 ulikuta Tanzania wanaume wazima wanaotumia tumbaku ya aina yoyote ni asilimia 14.6. Ni kama mmoja kwenye kila saba. Ila huyo mmoja anakaa na wavutaji wenzake, basi dunia nzima anaiona inavuta.

"Nimeshajaribu, mie ni dhaifu." Hili ndilo linaloniuma zaidi. Wengi walioacha kabisa walijaribu mara kadhaa kabla. Kuanguka ni sehemu ya njia. Lakini ukiwa peke yako, sigara moja ya kuteleza inageuka kuwa ushahidi kwamba huwezi, na jioni pakiti nzima imekwisha.

Sasa nani atamtoa mtu kwenye mawazo haya? Mtu aliyewahi kuyawaza.

Hapa kwetu Zanzibar tunao mfano mkubwa. Kuanzia mwaka 2009 vijana waliokuwa wakitumia heroini walianza kufungua soba hausi, nyumba za kukaa wanaoacha dawa. Wanaomsimamia anayeacha ni watu waliopita njia hiyo hiyo. Wanakaa pamoja, wanazungumza kwa zamu, hakuna anayemshangaa mwenziwe. Vijana ambao mitaa ilishawakatia tamaa wamesimama tena. Ikiwa kwa heroini mtu anamvuta mwenziwe juu, kwa sigara itashindikanaje?

Tafiti za nchi mbalimbali zimelinganisha waliojaribu kuacha sigara wenyewe kwa kusoma vijitabu na waliojaribu ndani ya kikundi. Waliofanikiwa ni wengi zaidi kwenye vikundi. Wakapima pia kumfundisha mke au mume namna ya kumsaidia mwenzake aache. Faida yake haikuonekana wazi. Kwa hivyo shoga yangu, usijilaumu. Umekuwa ukibeba mzigo ambao hata wataalamu wameuona si wa kwako peke yako.

Nirudi kwa yule baba wa mtoto. Unajua nani alimgeuza? Baharia mwenziwe, mtu mzima kidogo, aliyeacha mwenyewe baada ya mtoto wake kuanza pumu. Hakumpa mawaidha. Alimwambia tu, "Siku ya tatu nilitaka kumpiga mtu. Siku ya kumi nikasahau kuitaka." Wakaungana na kijana mmoja wa chombo hicho hicho, wakawa watatu, wakaanza kumi la mwisho la Ramadhani. Magharibi walifuturu pamoja barazani, wakabaki pamoja mpaka tarawehe, kwa sababu saa ile ndiyo mbaya kuliko zote. Wakaenda baharini na tangawizi na karafuu za kutafuna. Mmoja hamu ikimshika anasema waziwazi, "Imekuja." Wengine wanamzungumzisha. Hamu ikipanda haikai sana, dakika chache tu hushuka, ukipata wa kukuvusha.

Sitakudanganya kwamba wote walishinda. Yule kijana alirudi kwenye sigara mwezi wa pili, kule dago. Lakini hawakumfukuza, na sasa anajaribu tena. Wale wawili mpaka leo hawavuti. Na mtoto? Anakimbia uwanjani, kituoni anakuja kwa chanjo tu.

Sasa wewe mama ufanye nini? Yapo mambo yako, na ni makubwa.

Moja, linda mtoto bila kungojea baba aache. Ndani ya nyumba hapavutwi, hata dirishani, hata chumba cha pili. Moshi haujui mlango. Akitoka kuvuta, anaosha mikono na anabadilisha shati kabla ya kumbeba mtoto. Hii ni sharti ya nyumba, iseme mara moja kwa upole na isimamie. Ukiwa na mimba, jitenge na moshi kabisa.

Mbili, acha upolisi. Usimnuse mdomo, usihesabu vipisi, usimseme mbele ya watoto au ya mama mkwe. Anayefichwa nyumbani anajifunza kuficha, hajifunzi kuacha.

Tatu, mtafutie wenziwe. Unamjua jirani aliyeacha? Unaye kaka, mjomba, nahodha wa chombo? Mwambie huyo, "Kaa naye." Watatu wanatosha. Wachague siku, wasiseme "iko siku". Wakubaliane nani atapigiwa simu saa mbaya, na kwamba atakayeteleza atasema siku ile ile na hatachekwa.

Nne, mwachie ukali wa wiki ya kwanza. Akifoka, jua ni arosto. Mpe maji, mpe nafasi. Lakini nakwambia wazi: arosto si ruhusa ya kukupiga wala kukutukana. Hilo likitokea, tafuta msaada kwa wakubwa na njoo kwetu.

Tano, mfanyie hesabu pamoja, si kwa kumsuta. Anayevuta sigara 10 kwa siku anavuta 3,650 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya dukani kwenu. Pesa hizo ziwekwe kibubu, na kitu kinunuliwe ambacho yeye mwenyewe atakiona kila siku.

Na kama anavuta sana, anawasha ya kwanza kabla hata hajaosha uso, aje kituoni. Zipo dawa za kupunguza arosto, kama ubani wa nikotini na plasta ya kubandika. Shirika la Afya Duniani limeziweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 2009. Si kila duka wala kila kituo kinazo, lakini aulize. Dawa pamoja na wenziwe ni bora kuliko kimoja peke yake.

Kabla sijaondoka, na sisi wanawake tusijifiche nyuma ya wanaume. Tumbaku tunayotia kwenye tambuu ni tumbaku ile ile, nikotini ile ile, na saratani ya kinywa haiulizi kama ulivuta au ulitafuna. Ukimtaka mumeo aache na wewe shavu limejaa, atakutazama tu. Tafuta shoga wawili, muanze zenu. Pengine ndivyo atakavyoona kwamba inawezekana.

Yule baba siku hizi tukikutana njiani ananisalimia. Mie nilimwomba radhi, mbele ya foleni ile ile niliyomsemea. Alicheka akasema, "Nesi, ungekuja na maneno ya yule baharia tangu mwanzo!" Sikuwa nayo. Sikuwahi kuvuta. Ndiyo maana nawaambia, mtafutieni aliyewahi.

Wiki ijayo inshallah tutazungumza dalili za hatari za kifua kwa mtoto, zile ambazo ukiziona hungojei asubuhi.