Safari Ndefu za Mjerumani

Madereva wa malori wangojao zamu yao mpakani, Malaba na Busia upande wa Kenya, wajua kwamba njia ikizidi urefu, mafuta hula faida ya mzigo. Jambo hilo hilo liliwashinda Wajerumani katika vita vyote viwili vikuu.

Mwaka 1942 wakuu wa jeshi la anga la Hitler walifanya shauri la kuipiga Marekani kwa mabomu. Kutoka Ulaya hata New York ni kilomita zipatazo 6,000, na eropleni sharti irudi: yaani 12,000 bila kutua. Kiwanda cha Messerschmitt kikaunda eropleni iitwayo Me 264, nayo ikaruka mara ya kwanza tarehe 23 Desemba 1942. Marekani haikufika kamwe. Injini na vyuma vilitakiwa kwingine, na Julai 1944 ikaharibiwa kwa mabomu.

Lakini miaka 25 kabla yake walikwisha jaribu safari nyingine, nayo ilielekea huku kwetu Afrika ya Mashariki. Tarehe 21 Novemba 1917 merikebu ya hewani L59, chini ya Ludwig Bockholt, iliondoka Jamboli katika Bulgaria. Ilichukua watu 22, na shehena ya tani zipatazo 15 za risasi, bombomu na dawa, kumpelekea Lettow-Vorbeck. Haikukusudiwa kurudi, hata kitambaa chake kilikuwa kishonwe mahema na nguo! Ilipokwisha kupita magharibi ya Khartoum, iliitwa kwa simu isiyo na waya irudi. Ikatua Jamboli tarehe 25, baada ya kilomita 6,757 kwa saa 95. Siku ile ile Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Waingereza walikuwa na njia yao ya kuchukua mizigo. Mwaka uo huo John Ainsworth alisimamia uandikishaji wa wapagazi wa Kariakoo, na Jimbo la Nyanza, ambamo Busia na Malaba zilikuwamo, likatoa wengi mno. Tani 15, kwa kilo 25 kila kichwa, ni mizigo ya watu 600. Watu hao hawakupelekewa simu ya kuwarudisha nyumbani. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara damu na homa kuliko kwa risasi, na walio wengi hawana kaburi lenye jina.