Mtoto Haachi Shule kwa Siku Moja



Husemwa mara nyingi, hata na watu wenye nia njema, kwamba watoto wa sehemu zenye machimbo huacha shule kwa kuwa wamependa fedha kuliko kitabu. Kauli hiyo ni nyepesi mno, nasi hatuikubali. Inamtwika mtoto wa miaka kumi na miwili lawama ambayo watu wazima tumeshindwa kuibeba, kisha inatupa ruhusa ya kulala usingizi.

Sekenke haikuanza jana kuijua dhahabu. Wajerumani walichimba hapa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1916, walipokuwa wamekatiwa njia ya bahari na kuishiwa sarafu, dhahabu ya Sekenke ilifuliwa huko Tabora ikawa sarafu za rupia 15 zenye sura ya tembo. Hata leo wakusanyaji wa sarafu za kale huko Ulaya na Marekani huzigombania kwa bei kubwa. Tunalitaja jambo hili ili tukumbushane kwamba utajiri wa mlima huu umekuwa ukiondoka kwa zaidi ya miaka mia moja. Wakoloni wamekwenda zao. Wachimbaji wadogo, ambao wengi wao ni maskini kama sisi, ndio wanaoyafukua mashimo leo, na miongoni mwao wamo watoto wetu.

Hebu tutazame jinsi mtoto anavyoondoka shuleni, kwa maana hapo ndipo tunapokosea. Hakuna asubuhi moja anayoamka na kutamka kwamba ameacha masomo. Siku ya kwanza mama ni mgonjwa, naye anabaki nyumbani kumwangalia mdogo wake. Wiki inayofuata daftari limekwisha. Haoni haya kufanya kazi, kwa hiyo anabeba maji hadi kwenye duara, analipwa, ananunua daftari na kalamu. Je, nani atamlaumu? Amekwenda machimboni kwa ajili ya shule! Lakini siku tatu zimempita, na katika siku hizo wenzake wamefundishwa sehemu na desimali. Anaporudi haelewi, akiulizwa swali anakaa kimya, wenzake wanacheka. Jumatatu nyingine anaona heri karasha, ambako hakuna anayemcheka, na jioni anapewa chochote mkononi. Jina lake linapofutwa daftarini, tayari amekuwa mponda mawe. Kila hatua aliyopiga ilikuwa na sababu ambayo mtu mwema angeikubali, na ndiyo maana hatukushtuka.

Wapo watakaosema kwamba elimu sasa ni bure, basi kisingizio kimekwisha. Ni kweli Serikali imefanya mengi. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kila mtoto asome ifikapo 1977. Sheria ya mwaka 1978 ikamlazimu mzazi kumwandikisha mtoto na kuhakikisha anahudhuria. Baadaye uchumi ulipoyumba michango ilirudi, nayo ikafutwa tena mwaka 2001, watoto wakafurika madarasani. Tangu Januari 2016 hata kidato cha kwanza hadi cha nne hakina ada. Lakini kuondolewa kwa ada hakukuondoa njaa. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, na miezi ya Januari hadi Machi ghala la mtama huwa tupu wakati shamba bado ni bichi. Mtoto atembeaye mwendo mrefu hadi shuleni bila kula, akakaa hadi saa nane bila kula, huyo hahitaji mtu wa kumshawishi aende mahali panapouzwa maandazi. Uji wa mchana shuleni humzuia mtoto asitoroke kuliko fimbo, na pale wazazi walipokubaliana kuchangia debe la nafaka baada ya mavuno, jambo hili halihitaji mahubiri.

Sasa tuseme lile linaloogopwa kusemwa. Mtoto anapokuwa mtoro, anayeitwa ofisini ni mama yake. Mara nyingi ni mjane au mwanamke aliyeachwa, naye hutishiwa faini asiyokuwa nayo. Mwenye duara haitwi. Mwenye karasha haitwi. Anayemnunulia mtoto kiroba cha marudio, akijua fika kwamba muuzaji alipaswa kuwa darasani saa hiyo, haitwi. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iko wazi: kazi nyepesi yaruhusiwa kuanzia miaka 14, ila kazi za hatari, na uchimbaji wa madini umetajwa humo kwa jina, haziruhusiwi kwa mtu aliye chini ya miaka 18. Wala hatari hiyo si ya kubuni. Shimo hubomoka. Vumbi la mawe huharibu mapafu. Zebaki inayotumika kuchenjulia dhahabu hutoa mvuke inapochomwa, na mvuke huo hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, hasa kwa mwili ambao bado unakua. Sheria inayomkamata mjane na kumpita mwajiri haijatenda haki, hata kama karatasi zake zimepigwa mihuri yote.

Kwa wasichana habari ni nyingine kidogo. Wao hawaingii sana mashimoni; huitwa kusaidia mama lishe, kuosha vyombo, kupeleka chakula kwa wachimbaji, na huko baadhi yao hurudi na mimba. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu msichana aliyejifungua kurudi katika shule ya kawaida. Ruhusa hiyo ni njema, lakini nani atamlea mtoto saa za masomo? Nani atawanyamazisha wanaomnyooshea kidole njiani? Tumeona kwamba wanaomcheka zaidi ni watu wazima, tena wengine ni wale tunaokaa nao kwenye benchi moja siku ya Jumapili.

Tutaulizwa: mjane asiposaidiwa na mwanawe, atakula nini? Swali hili ni la haki, na asiyelijibu asizungumze habari za utoro. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini umejaribu kulijibu, kwa kuambatanisha sehemu ya ruzuku na mahudhurio ya mtoto yasiyopungua asilimia 80. Haukidhi haja zote, wala haumfikii kila mhitaji. Hata hivyo umetufunza kwamba daftari la mahudhurio, likisomwa na mtu anayejali, laweza kuwa na nguvu kuliko amri.

Kwa sababu hiyo hatuombi kampeni wala maandamano. Tunaomba daftari hilo lisomwe kila Ijumaa. Mtoto aliyekosa siku mbili bila taarifa, jina lake lifike kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa jumuiya ndogondogo iliyo jirani na nyumba yao, na mtu aende kubisha hodi kabla ya Jumatatu; aende kuuliza, si kukaripia. Ikiwa ni daftari, gharama yake ni ndogo kuliko soda. Ikiwa ni ugonjwa, jirani wapo. Ikiwa ni karasha, mazungumzo yahamie kwa mwenye karasha.

Kwa huyo wa mwisho, kijiji kina uwezo ambao bado hakijautumia ipasavyo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inakipa kijiji mamlaka ya kutunga sheria ndogo, zikiidhinishwa na halmashauri ya wilaya, nao mkutano mkuu wa kijiji hauna budi kukaa kila baada ya miezi mitatu. Tunapendekeza mambo mawili yaandikwe katika ajenda ya mkutano ujao: faini kwa yeyote anayempa kazi mtoto wa shule machimboni, ilipwe na mwajiri wala si mzazi, na gunia moja la nafaka kwa mwaka kutoka kwa kila mwenye duara, kwa ajili ya uji wa shule ambayo mlima wake anauchimba. Wenye maduara wenyewe waalikwe wakati mambo hayo yanapojadiliwa, maana wengi wao wana watoto katika shule hizo hizo.