Mkataba wa miaka mitatu, mashine ya miaka hamsini

Haya jamani, leo naweka programu kando. Nina hasira na lazima niitoe mahali.

Wiki jana kijana mmoja wa mtaani kwetu, amemaliza digrii ya fizikia juzijuzi tu, alinijia na swali. Amepata nafasi ya uzamifu Ulaya, utafiti wa sumaku za supakondakta za joto la juu, zile zinazokusudiwa kupinda njia ya protoni katika mashine za kuharakisha chembe. Mhadhiri wake amemwambia asipoteze wakati, hiyo ni kazi ya fundi, mwanafizikia wa kweli hutafuta chembe mpya. Akataka kujua mimi mtu wa tarakilishi naonaje.

Naona mhadhiri amekosea, na hayuko peke yake.

Kwanza nieleze, maana jina lenyewe linadanganya. "Joto la juu" hapa ni kama nyuzi 180 chini ya sifuri (joto gani hilo?). Mwaka 1986 Bednorz na Müller wa maabara ya IBM karibu na Zürich waligundua kauri ya kwanza ya aina hii, na mwaka uliofuata wakapewa Nobel. Uzuri wake kwa sumaku ni kwamba inaendelea kupitisha umeme bila ukinzani hata ndani ya uga mkali wa sumaku. LHC ya CERN, kule Geneva, ina mzingo wa kilomita 27 na sumaku 1,232 za kupinda, waya wake niobi-titani, nguvu yake tesla 8.33. Waya huo umefika karibu na mwisho wa uwezo wake. Ukitaka tesla 20, utaingia kwa kauri upende usipende.

Sasa shida. Mahali padogo ndani ya koili pakipata joto, hapo panaacha kuwa supakondakta, na joto linazidi. Wenyewe wanaita kwenchi. Katika niobi-titani joto husambaa kwa kasi ya mita kadhaa kwa sekunde, kwa hiyo volti inapanda upesi na mitambo inashtuka. LHC ikiona milivolti 100 kwa milisekunde 10, inaanza kuondoa umeme. Katika utepe wa kauri joto hutambaa milimita au sentimita chache tu kwa sekunde. Volti haionekani, na kile kidoa kinaungua huku mashine ikidhani mambo ni shwari. Wenzangu waandishi wa programu mnaujua ugonjwa huu: hitilafu isiyoacha alama yoyote kwenye logi.

Hiyo ndiyo "kazi ya fundi". Mhadhiri akumbuke tarehe 19 Septemba 2008. Siku tisa tu baada ya LHC kuwashwa, kiungo kimoja kibovu cha umeme kati ya sumaku mbili kiliachia. Tani 6 hivi za heliamu zikatoroka, sumaku 53 zikaondolewa, na protoni hazikuzunguka tena hadi Novemba 2009. Wawindaji wa chembe ya Higgs walikaa wakingoja mafundi! Na Simon van der Meer, mhandisi kwa masomo, alipata Nobel ya fizikia mwaka 1984 kwa kazi ya mashine hizihizi.

Lakini hasira yangu hasa ni juu ya mikataba. Mwanafizikia chipukizi wa sumaku hupewa miaka mitatu au minne ya uzamifu, halafu miwili hapa, mitatu kule. Katika muda huo atasuka koili chache. Vidole vyake vitajua utepe wenye unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita unapinda kiasi gani kabla ya tabaka la kauri kupasuka, tabaka la mikroni moja au mbili tu. Kisha mkataba unaisha, anaondoka na vidole vyake. Anayemfuata anakuta makala yenye grafu nzuri ya koili iliyofaulu. Ile iliyoungua, nani ataiandikia makala?

Kazi yangu ya kwanza nilirithi mfumo wa mishahara ulioandikwa na mtu wa kandarasi. Mahali fulani aliacha maneno mawili: "Usiguse hapa." Nikagusa. Watu wakalipwa mara mbili. Mwenye kujua sababu alikuwa ameshaenda na simu yake haishiki.

Sasa ongeza miaka. Niobi-bati ilionyesha inaweza kuhimili uga mkali mwaka 1961. Sumaku zake zitaingia kazini katika LHC iliyoboreshwa, inayotarajiwa mwaka 2030. Karibu miaka 70! Na ripoti ya CERN ya mwaka 2025 kuhusu mashine yao ijayo, ya kilomita 91, inaiweka awamu ya protoni miaka ya 2070. Kijana wetu atakuwa na zaidi ya miaka 70. Kazi kama hii hupokezanwa, na huwezi kumpokeza mtu ambaye hujawahi kukutana naye.

Watasema mikataba mifupi huleta mawazo mapya. Sawa, lakini wazo jipya linahitaji mzee wa kuliambia "hilo tulijaribu, likaungua". Wengine watasema kampuni za nishati ya muungano wa nyuklia zinawachukua. Ni kweli kuna pesa huko: Commonwealth Fusion Systems na MIT walifika tesla 20 kwa utepe huohuo Septemba 2021. Siwalaumu vijana, ugali ni ugali. Ila kampuni ina haki ya kuficha siri zake, na maabara ya umma iliyomfundisha mtu kisha ikamwachia haina wa kumlaumu.

Kijana nimemwambia aende. Ila kabla ya kutia sahihi aulize jambo moja: aliyesuka koili yenu ya mwisho yuko wapi, na nitapata kukaa naye? Barua pepe aliituma Jumatatu. Hadi leo hajajibiwa.