Kumfungia Mtoto Hadi Afe Si Haki, Ni Uvivu

Mtu akidungwa kisu juu ya simu hapa Kariobangi, mtaa mzima unageuka hakimu. "Ata kama ako na miaka kumi na sita, huyo azeekee ndani." Mimi nasema zii. Afungwe, sawa. Lakini hadi afe? Hapana.

Kabla hujanirushia mawe, sikia vizuri. Sitetei mwizi. Kisu cha kijana wa miaka 16 kinaingia sawa tu na cha mtu mzima, na mathe anayezika mtoto wake hapunguziwi machozi juu aliyeua ni mdogo. Hiyo familia iko na haki ya kuona mtu akijibu. Ninachopinga ni kitu kimoja: hukumu isiyo na tarehe wala mlango, kwa mtu aliyefanya kosa akiwa bado mtoto.

Na usiseme hayo ni mambo ya Marekani. Hata sisi tulikuwa nayo, tena kwa jina tamu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 25, ilisema mtu akifanya kosa la kunyongwa akiwa chini ya miaka 18, asihukumiwe kifo, azuiliwe "kwa ridhaa ya Rais". Yaani ukae ndani hadi Rais aamue, na hakuna anayekuambia ataamua lini. Inaweza kuwa miaka mitano. Inaweza kuwa thelathini.

Hapo ndipo watu wa mtaa wanafaa kushtuka. Kwa sheria yetu, kosa la kunyongwa si kuua peke yake. Wizi wa mabavu pia umo, na ili uitwe hivyo inatosha mwizi awe amejihami kwa silaha hatari, au wawe wawili kwenda juu. Vijana wawili, simu moja, hakuna aliyekufa, na bado kesi inafika huko. Mwaka 2017 watu saba waliopatikana na hatia ya mauaji walipokuwa watoto walienda Mahakama Kuu, na korti ikasema kuzuiliwa hivyo bila kikomo ni kinyume cha Katiba. Kifungu cha 53 kiko wazi: mtoto asifungiwe ila kama njia ya mwisho, na kwa muda mfupi zaidi unaofaa. Kenya pia iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na mkataba huo unakataza kifungo cha maisha kisicho na nafasi ya kutoka kwa yeyote aliyekosa kabla ya miaka 18.

Mimi si wakili. Chuo niliacha kabla ya kumaliza. Lakini kusoma sijaacha, na hizi karatasi ziko wazi kwa kila mtu.

Sasa, kwa nini bado naongea kama korti ishasema? Kwa sababu mstari kati ya mtoto na mtu mzima unachorwa vibaya sana kwa watu wetu. Wengi mtaani hawana cheti cha kuzaliwa. Kijana akishikwa bila cheti, daktari anaangalia meno na mifupa, anakadiria. Makadirio yakikosea mwaka mmoja, wa miaka 17 anakuwa wa 18, na huko kwa watu wazima mambo ni tofauti kabisa. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ilisema kifungo cha maisha kisicho na kikomo kinakiuka Katiba. Aprili 2025 Mahakama ya Juu ikaitupa hukumu hiyo. Mfungwa wa kawaida akiwa na nidhamu anaweza kupunguziwa theluthi moja. Wa maisha hapunguziwi hata siku. Amebaki na msamaha wa Rais tu. Kwa hivyo kijana wa hapa anaweza kupotea milele kwa kosa la kukosa karatasi, na mtoto wa Runda mwenye cheti kwenye droo haponzwi na meno yake.

Najua jibu lako: "Tukiwalegezea, magenge yatatumia watoto." Buda, tayari yanawatumia. Na ndiyo maana nasema hukumu hii ni uvivu. Kijana anaenda ndani maisha, aliyempa chuma na kununua simu ya wizi anabaki nje akitafuta mwingine wa miaka 15. Kama unataka kutisha mtu, anza na huyo.

Jibu la pili: "Hawabadiliki." Kila mtu hapa anajua fundi mmoja pale Light Industries ambaye akiwa kijana watu walikuwa wanavuka barabara wakimwona. Leo wanamwachia gari na funguo. Ukitaka namba, mwaka 2020 watafiti wa Montclair State University kule Marekani waliangalia watu 174 wa Philadelphia, waliofungwa maisha wakiwa vijana kisha wakaachiliwa. Waliopatikana na hatia tena walikuwa wawili. Wawili kati ya 174.

Lakini pia sitaki tudanganyane. Borstal mwisho ni miaka mitatu, na kwa familia iliyozika mtu, miaka mitatu ni matusi. Hiyo hasira naielewa. Dawa yake si kutupa ufunguo. Kwa makosa mazito kabisa, jaji ampe muda mrefu unaojulikana, asome na kujifunza kazi huko ndani, na ukifika wakati fulani arudi mbele ya jaji, familia ya marehemu ikiwa pale na nafasi ya kuongea. Kama bado ni hatari, abaki. Kama amebadilika, atoke. Na asiye na cheti, shaka yoyote juu ya umri wake imsaidie yeye.

Ukija kunipinga, karibu, lakini jibu swali moja kwanza. Huyo wa miaka 16 akifika 46, baada ya miaka thelathini ndani, ni nani anaogopa kumwangalia usoni na kumuuliza amekuwa mtu gani?