Setilaiti ni yetu, lakini ratiba ni ya nani?

MKULIMA wa mpunga katika eneo la Mwea, Kaunti ya Kirinyaga, hahitaji kufunzwa umuhimu wa ratiba. Tangu mradi wa unyunyizaji ulipoanzishwa katika miaka ya 1950, maji ya mito Thiba na Nyamindi yamekuwa yakigawanywa kwa zamu. Maji yakija kabla ya shamba kutayarishwa, hupotea bure. Yakichelewa, miche hukauka.

Mambo ni yayo hayo angani, ingawa suala hili halikupewa uzito wakati Kenya ilipoirusha setilaiti ya Taifa-1 mnamo Aprili 15, 2023 kutoka kituo cha Vandenberg, California, kwa roketi ya kampuni ya SpaceX. Wananchi walielezwa kwamba picha zake zingefaidi kilimo na usalama wa chakula. Mjadala ukaegemea gharama, iliyotajwa kuwa Sh50 milioni, na fahari ya taifa. Ni wachache waliouliza nani angeamua kamera ielekezwe wapi, na lini.

Setilaiti ya aina hiyo huizunguka dunia kwa takriban saa moja na nusu. Inapopita juu ya kituo cha mawasiliano, huonekana kwa muda wa dakika kumi hivi au chini ya hapo. Katika muda huo mfupi ni sharti ipokee maagizo mapya na kuteremsha picha ilizohifadhi. Kamera hula betri, hifadhi ya data hujaa, na chombo kilichogeuzwa ili kupiga picha huenda kisiweze kuelekeza paneli zake kwenye jua vilivyo.

Kwa sababu hiyo, kila tendo hupangwa mapema kwa saa, dakika na sekunde. Kazi hiyo hufanywa na programu za kompyuta ambazo hukusanya maombi ya watumiaji, hupima vikwazo vyote, kisha hutoa orodha ya maagizo ya kupelekwa angani.

Baadhi ya programu hizo hubeba uamuzi hadi angani kwenyewe. Setilaiti ya EO-1, ambayo Marekani iliirusha mwaka wa 2000 na kuistaafisha 2017, iliwekewa programu iliyoiwezesha kubadilisha ratiba yake pindi ilipotambua mlipuko wa volkano au mafuriko.

Kenya si mgeni wa shughuli hizi. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka pwani ya Malindi mnamo Desemba 12, 1970. Kituo cha Luigi Broglio, kinachoendeshwa na Italia huko Malindi, kimehudumia setilaiti za Marekani kama vile Swift, NuSTAR na IXPE, kwa kuwa ukaribu wake na ikweta hukifaa chombo kinachozunguka sambamba na mstari huo.

Hata hivyo, ratiba za vyombo hivyo vitatu zimekuwa zikiandaliwa katika vyuo vikuu vya Pennsylvania, California na Colorado. Malindi ni mlango tu. Anayeamua kipite nini, na saa ngapi, yuko ng'ambo.

Kwa Mwea, hili si suala la fahari tupu. Kati ya Juni na Agosti, majira ambayo wakulima huandaa vitalu na mashamba kwa msimu mkuu, miteremko ya Mlima Kenya aghalabu hufunikwa na mawingu. Kamera ya kawaida haioni chochote ila weupe. Mpangaji asiyejua majira hayo atapoteza nafasi kwa kupiga picha za mawingu, na asubuhi chache za anga safi zitampita.

Zipo setilaiti za rada kama Sentinel-1 ya Ulaya, ambazo tangu 2014 zimepenya mawingu na kutoa data bila malipo. Lakini mpango wa kuchagua maeneo na siku za kupiga picha hizo huwekwa na Wazungu wenyewe, kwa mahitaji yao kwanza.

Wapo watakaosema kwamba taifa changa katika sayansi hii halina budi kukodi huduma. Ni kweli kwa hatua ya kwanza. Hata hivyo, kuandika programu ya ratiba hakuhitaji kiwanda wala roketi. Kunahitaji hesabu, kompyuta na vijana. Idara ya anga ya Marekani, NASA, imetoa bure programu ya Aerie, ambayo yeyote anaweza kuichukua na kuibadilisha.

Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, na kile cha Kirinyaga haviko mbali na mifereji ya Mwea. Shirika la Anga za Juu la Kenya lingevikabidhi jukumu hili, na kuwapa wasimamizi wa unyunyizaji nafasi ya kuwasilisha maombi kabla ya kila msimu.

La sivyo, tutazidi kurusha vyombo huku wengine wakishika funguo za lango. Wakulima wa Mwea wanajua vyema hatima ya shamba ambalo zamu yake hupangwa na mtu asiyelifahamu.