Mkeka wa timu kumi haujui kutupa karata

Jumamosi iliyopita, kwenye kibanda umiza kimoja hapa Chang'ombe, Dodoma, vijana walikuwa wanamtukana kipa wa Ulaya ambaye hata jina lake hawawezi kulitamka. Kosa lake? Kafungwa dakika za lala salama, mkeka ukachanika. Timu tisa zimetiki, ya kumi imegoma.

"Bado kidogo tu, kaka!" dogo mmoja akaniambia. Anauza zabibu pale soko la Majengo, na mtaji ndio unaoliwa hivyo, buku baada ya buku.

Kidogo? Wacheza poka tunawaona wahuni wa kasino, lakini wana somo la kwanza ambalo wabetiji wetu hawana. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, halafu tano zinafunuliwa mezani: tatu kwa mpigo, kisha moja, kisha moja. Katika hizo saba unaunda tano zilizo bora. Kila hatua dau linapanda, na kila hatua una ruhusa ya kutupa karata zako ukakaa pembeni. Mjuzi anatupa mara nyingi kuliko anavyocheza. Tena hata ukiwa na karata mbovu unaweza kupiga mkwara, wenzako wakaogopa, ukabeba hela.

Sasa nani aipige mkwara kompyuta ya kampuni? Ukishaweka timu kumi umeingia na karata zote, nzuri na mbovu. Zipo kampuni zinazoruhusu kutoka mapema, sawa, ila bei ya kutokea wanapanga wao.

Piga hesabu. Tuseme kila mechi ni nusu kwa nusu, na kampuni inalipa mara 1.90 badala ya mara 2. Kwa mechi moja, buku yako imepunjwa shilingi 100 tu. Huoni hata maumivu. Kwa mechi kumi, haki yako ilikuwa 1,024,000, wao watakupa kama 613,000, kabla ya kodi. Na nafasi ya kutiki ni moja kati ya 1,024.

Nikamwambia dogo achague mechi mbili anazozijua, nyingine atupe.

"Mbili zinanilipa nini, kaka?"

"Kwa buku, 3,610."

Akacheka sana. Kisha akashika simu, akaongeza timu ya kumi na moja.