RWEYA SI ARDHI TUPU

Mwaka 1972 Wamarekani walirusha angani chombo cha kwanza cha Landsat, kiizunguke dunia na kuipiga picha. Tangu mwaka 2008 picha hizo hutolewa bure, na leo afisa wa mipango aliyeko Bukoba aweza kuketi mezani akaona jinsi mabati ya mji yanavyosogea mwaka hata mwaka. Hilo twalisifu. Mkoa wa Kagera ulihesabiwa watu 2,458,023 mwaka 2012. Mwaka 2022 walikuwa 2,989,299. Asiyejua watu hao wamejenga wapi na wamelima wapi hawezi kupanga barabara wala visima.

Lakini picha husema kwa rangi tu. Chembe moja ya picha ya Landsat ni mraba wa mita 30 kila upande. Nyumba, migomba, mibuni na makaburi ya wazee huingia humo pamoja, na kibanja kikaonekana kama msitu. Rweya, yaani uwanda wa majani ulio nje ya vibanja, hukauka wakati wa kiangazi ikaonekana haina mwenyewe.

Hapo ndipo penye hatari. Rweya ndiyo iliyokilisha kibanja: majani ya kutandaza migombani na kuezekea, malisho ya ng'ombe waliotoa samadi, na vishamba vya njugu vya akina mama. Sasa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yaihesabu ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika kuwa ardhi ya jumla, ijapokuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ya mwaka huo huo, haisemi hivyo. Je, nani aamue kwamba haitumiki? Mtu aliye mbali akiandika "tupu" juu ya ramani, neno hilo laweza kumnyang'anya mkulima wa Kimwani, kule kusini ya Muleba, nusu ya riziki yake.

Kweli, rweya yenyewe imepungua, na si wageni tu walioipunguza; sisi wenyewe tumepanda humo mihogo na miti ya mbao. Picha zitalionyesha na hilo, nasi hatuna haki ya kulificha.

Sheria ya mwaka 2007 imeipa Halmashauri ya Kijiji kazi ya kupanga matumizi ya ardhi yake. Basi kabla ramani haijatiwa sahihi, picha ipelekwe kwenye mkutano wa kijiji, wazee na akina mama waioneshe kidole: hapa twakata majani, hapa twalima njugu. Karatasi moja kubwa ya rangi yatosha kijiji kizima.